Limita za Sauti Zapimwa Luzira kwa Buruji na Ngoma

Msafiri aishikaye barabara ya Port Bell kutoka katikati ya Kampala hupita Nakawa, kisha Kitintale, na muda si mrefu harufu ya kimea kichemkacho humpasha habari kwamba amekwisha fika Luzira. Wengi wakilisikia jina hilo huwaza gereza tu. Wachache hukumbuka kwamba pana bandari iliyopewa jina la Sir Hesketh Bell, mtawala wa Kiingereza wa mwanzo wa karne ya 20, na wachache zaidi wanajua kwamba hapo ndipo kilipofukuliwa, mwaka 1929, kile kichwa cha kale cha udongo wa kufinyanga ambacho leo kimo London.

Makala haya hayahusu gereza, wala bandari, wala kichwa hicho. Yanahusu chumba kimoja kidogo nyuma ya maduka ya Stage 6, ambamo magodoro makuukuu yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, na ambamo kijana mmoja fundi wa sauti huwarekodi waimbaji wa kanisani, maharusi, wagombea uchaguzi, na yeyote mwenye chochote cha kulipa. Jumamosi moja tulikaa humo saa saba mfululizo, watu watano na feni moja, tukitafuta jibu la swali ambalo askari wengi wapenda bendi hawajapata kulisikia likiulizwa: kati ya programu zinazoitwa limita, ni ipi isiyoua sauti ya buruji?

Msomaji asicheke. Swali hilo lilikuwa na marehemu ndani yake.

Katika mtaa huo pana kikundi cha wazee wapulizaji, karibu wote wastaafu wa magereza, polisi na jeshi. Hucheza katika mazishi ya wenzao na katika sherehe za shule. Mpiga buruji wao wa kwanza alikuwa sajini mstaafu ambaye, wakisema wenyewe, aliweza kuushika mlio wa mwisho wa makaburini ukafifia polepole hata usijue ni wakati gani umekoma. Mwaka 2019 walimrekodi nje, uwanjani, asubuhi na mapema. Studio moja ya mjini ikaipokea kazi, ikaipandisha sauti ili isikike kwa nguvu katika simu na katika spika za mazishi, ikawarudishia faili moja katika flashi. Faili ya asili, ile isiyoguswa, ilifutwa kupata nafasi katika kompyuta. Sajini akafariki mwaka 2021. Siku ya kumzika wakaicheza ile faili kwa heshima yake, na mwenyekiti wa kikundi, mzee aliyewahi kuwa mkuu wa ngoma, akanong'ona, “Huyo siye yeye. Hiyo ni honi ya basi.”

Nimeisikiliza faili hiyo mara nyingi, na mzee hakutia chumvi. Buruji huanza kwa pumzi ndogo, ikavimba, ikarudi chini. Humo ndani noti zote zina kimo kimoja kama askari waliopangwa kwa rula. Ule mlio wa mwisho ambao ulipaswa kufifia haufifii: unapopungua, mashine inaunyanyua, na pamoja nao inanyanyua upepo, jogoo wa jirani, na lori lililokuwa likipita mbali sana barabarani. Hata mwisho lori ndilo linalosikika kuliko sajini.

Kilichofanya hayo ni limita.

KAZI YAKE NI NINI

Limita ni kifaa kinachoweka kikomo. Sauti ikiwa chini ya kikomo, hupita bila kuulizwa. Ikizidi, limita huishusha upesi kiasi cha kuirudisha ndani ya mpaka, kisha huiachilia. Askari wanaofanya mazoezi ya shabaha wakivaa vile viziba-masikio vya umeme wameitumia bila kujua jina lake: maneno ya mwalimu wao hupita, lakini mlio wa bunduki, ambao karibu na sikio hupita desibeli 140, hukatwa kabla haujadhuru. Hali kadhalika katika radio za mawasiliano, ambamo mtu anayepiga kelele kwenye maikrofoni hazidishi masafa ya ujumbe wake hata hatua moja. Mtambo humrudisha palepale alipo mwenziwe asemaye kwa utulivu.

Vifaa hivi vilizaliwa katika vituo vya utangazaji, hasa katika miaka ya 1930. Mtambo wa kurushia matangazo ya mawimbi ya kati ukisukumwa kupita asilimia 100 ya uwezo wake, sauti hukwaruza na mawimbi humwagika hadi katika nafasi ya kituo jirani. Hapo kwanza fundi alikaa na mkono juu ya kirungu cha sauti akijaribu kuotea; baadaye limita ikamwondolea adha hiyo. Watengenezaji wa santuri nao wakaihitaji, maana noti kubwa mno ilifanya sindano iruke nje ya mfereji. Mojawapo ya mashine mashuhuri za kazi hiyo ilikuwa Fairchild 670, iliyoundwa na Rein Narma, Mwestonia aliyehamia Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa na taa za umeme 20 ndani yake, na uzito wake ulihitaji wanaume wawili wenye mgongo mzima. Baadaye katika miaka ya 1960 ikaja 1176 ya Bill Putnam, iliyotumia transista badala ya taa, ikaweza kumkamata mvamizi kwa muda wa milionea chache tu za sekunde.

Mashine hizo zote zilikuwa na kasoro moja: zilimwona mvamizi akiisha ingia. Kwa kuwa sauti ilipita moja kwa moja katika waya, hapakuwa na namna ya kujua kitakachofuata. Kompyuta ndiyo iliyobadili jambo hilo. Mwaka 1994 kampuni ya Waves ya Israeli ilitoa L1, programu ndogo ya kupachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia, yaani plagini. L1 huichelewesha sauti kidogo, sehemu chache za elfu za sekunde, na katika kitambo hicho hutazama mbele. Ni sawa na kuweka mlinzi kilimani badala ya kumweka langoni: vumbi la gari likionekana mbali, kizuizi kimekwisha shushwa kabla gari halijafika.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa wanamuziki. Kwa kuwa sasa mtu aliweza kukata vilele vyote bila mkwaruzo wa wazi, aliweza pia kuipandisha sauti iliyobaki mpaka ikajaza nafasi yote. Kila mmoja akataka wimbo wake uwe na kelele kuliko wa jirani. Mwaka 2008 albamu ya Metallica iitwayo Death Magnetic ilitoka ikiwa imekandamizwa hivi kwamba mashabiki wenyewe wakalalamika, kwa sababu nyimbo zilezile zilizotolewa kwa ajili ya mchezo wa Guitar Hero zilisikika bora kuliko za albamu. Hapa Uganda, vituo binafsi vya FM vilipoanza mwaka 1993, vilianza na vita hivyohivyo. Msikilizaji anayezungusha kirungu husimama kwanza penye sauti kubwa, na kila mwenye kituo analijua hilo.

VIZIBO VYA SODA

Nirudi Stage 6. Kikundi cha wazee kimempata mpiga buruji mwingine, konstebo kijana aliyefundishwa na yule sajini mwenyewe. Safari hii waliamua kurekodi tena, na mwenyekiti akatoa sharti moja: hakuna kitu kitakachoguswa mpaka yeye aketi na asikilize kwa masikio yake. Fundi akakubali. Walirekodi mlio wa makaburini peke yake, na gwaride moja la dakika nne lenye tarumbeta, besi kubwa ya shaba, matoazi, na ngoma mbili. Alirekodi kwa biti 24 na kuacha vilele vyote chini ya kikomo kwa desibeli 10 hivi. Hilo ni jambo jema ambalo wengi hawalifanyi, kwa kuwa wanadhani taa nyekundu ikiwaka ndiyo dalili ya bidii.

Tulikuwa na limita tano. Ya kwanza L1, mkongwe. Ya pili LoudMax, iliyoandikwa na Thomas Mundt wa Ujerumani na kutolewa bure, yenye vitelezi viwili vikubwa ambavyo hata afande asiyejua kompyuta atavielewa kwa dakika moja. Ya tatu Limiter No6, nayo ya bure, kazi ya mwandishi wa programu wa Urusi. Ya nne Pro-L 2 ya FabFilter ya Uholanzi, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2017, ambayo huruhusiwa siku 30 za majaribio kabla ya kulipiwa. Ya tano ni ile iliyomo ndani ya Ozone, mkusanyiko wa zana za kukamilishia muziki wa iZotope ya Marekani. Pamoja nazo palikuwa na Fruity Limiter, iliyomo ndani ya FL Studio ya Ubelgiji, ambayo vijana wengi wa Kampala hurekodi nayo. Nitaisema mara moja niimalize: ukifungua kazi mpya katika FL Studio kwa mpangilio wake wa kawaida, limita hiyo huwa imekwisha kaa kwenye njia kuu ya sauti kabla hujaiomba. Vijana wengi hawajui kama ipo. Wanaongeza nyingine juu yake, na limita mbili zinaanza kushindana zenyewe kwa zenyewe. Ukaguzi wa kwanza basi ni kuitazama njia kuu na kuuliza nani yuko zamu.

Kuzilinganisha kulihitaji hila kidogo. Sikio la binadamu hudanganyika kirahisi: ukimpa sauti mbili zilizo sawa, moja ikiwa na nguvu zaidi kidogo tu, atasema hiyo ndiyo bora. Wauzaji wa radio madukani wanalijua hilo tangu zamani. Kwa hiyo fundi alizisawazisha faili zote kwa kipimo cha LUFS, ambacho hupima ukubwa wa sauti kama masikio yanavyousikia, wala si kama umeme unavyoruka. Kipimo hicho kilitokana na kanuni ya ITU ya mwaka 2006. Kisha akaandika majina ya limita kwenye vikaratasi, akavificha chini ya vizibo vya soda vyenye namba, nasi tukasikiliza bila kujua ni ipi inayolia.

Tulianza kwa upole. Kila limita iliruhusiwa kukata desibeli 3 tu kutoka katika vilele vikubwa kabisa, yaani zile ngumi za ngoma kubwa na matoazi. Hapo mimi nilishindwa kabisa. Konstebo alidhani kizibo namba 2 kina matoazi makali zaidi, tulipokirudia akakana. Mwenyekiti alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa, akasema, “Hizi zote ni bendi yangu.” Fundi, ambaye alikuwa ametumia fedha nyingi kwa baadhi ya zana hizo, hakulifurahia jibu hilo sana. Lakini ndilo jibu la kwanza la makala haya, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kuliko yote: kazi ikiwa ndogo, ya bure na ya fedha nyingi hazitofautiani kwa kiasi cha kumnyima mtu usingizi.

Tulipozidisha hadi desibeli 8, vizibo vilianza kusema.

L1 ina kirungu cha kuamua itachukua muda gani kuiachilia sauti baada ya kuikamata, na yote hutegemea hapo. Tulipokiweka kwenye milisekunde 5, besi ya shaba ilikwaruza kama pikipiki yenye bomba bovu. Sababu yake si uchawi. Noti ya chini ya besi, tuseme ya mitetemo 60 kwa sekunde, huchukua milisekunde 17 hivi kukamilisha wimbi moja. Limita inayokamata na kuachilia kwa milisekunde 5 huanza kulikata wimbi lenyewe vipande vipande, ikaligeuza umbo. Tulipoirefusha hadi milisekunde 300, mkwaruzo ukatoweka, lakini sasa kila ngumi ya ngoma iliizamisha bendi nzima, ikaibuka taratibu, ikazamishwa tena. Mafundi huita hali hiyo kuhema, na kweli ilikuwa kama mzee anayepanda ngazi. Katikati, kwenye milisekunde 60 au 80, palivumilika. L1 basi ni kama bunduki ya zamani: humtii anayeijua, na humuumiza bega asiyeijua.

LoudMax hujiamulia yenyewe muda wa kuachilia, wala haina kirungu cha hilo. Nilitarajia ishindwe vibaya. Haikushindwa. Gwaride lilibaki wima, ngoma zikapoteza ukali kidogo, na buruji ikasimama mbele kuliko ilivyopasa, lakini hapakuwa na mkwaruzo wa kukera. Zaidi ya hayo haiichoshi kompyuta hata kidogo, na kwa mtu mwenye kompyuta ya mtumba iliyonunuliwa mjini hilo si jambo dogo.

Limiter No6 ni kikosi kizima wala si askari mmoja. Ndani yake mna sehemu tano: moja hubana wastani wa sauti, ya pili hukamata vilele, ya tatu hushughulikia sauti kali za juu pekee, ya nne hukata kwa kisu, na ya tano hulinda mlango wa mwisho. Kwa bendi ya shaba, ile sehemu ya tatu ndiyo dhahabu. Matoazi yalipolia, ilishusha matoazi tu, tarumbeta zikaendelea kama hazikusikia. Lakini vioo vyake vina virungu vingi, na fundi wetu alipoteza karibu nusu saa akivizungusha na kuvirudisha. Si zana ya kumpa mtu mwenye haraka.

Pro-L 2 ina namna nane za kufanya kazi, na ukiteua isiyofaa utapata matokeo mabaya kwa bei kubwa. Namna iitwayo Aggressive iliifanya ngoma ya gwaride isikike kama ya dansi la usiku. Namna ya Transparent, ikiachiwa muda mrefu kidogo, ilihifadhi ngumi ya ngoma kubwa vizuri kuliko kizibo kingine chochote. Mwenyekiti alinyoosha kidole hapohapo bila kuulizwa. Nami nitaongeza jambo lililo dogo machoni lakini kubwa kazini: huchora mchoro unaotembea, ukionyesha kila mahali sauti ilipokatwa na kwa kiasi gani. Fundi kijana akiutazama mchoro huo kwa juma moja atajifunza zaidi ya anavyoweza kujifunza kwa maelezo yangu.

Limita ya Ozone nayo ina namna zake, ziitwazo IRC. Ile ya nne huigawa sauti katika mikanda mingi na kushusha tu ule mkanda unaosababisha kilele. Katika mlio wa makaburini pekee, kizibo hicho ndicho kilichotushinda wote: buruji ilibaki na pumzi yake hata pale ilipobanwa. Katika gwaride lakini, kwa sikio langu, rangi ya tarumbeta ilibadilika kidogo kila ngoma ilipopigwa, kama bati linapopita jua na kivuli. Konstebo hakukubaliana nami. Kompyuta nayo ilianza kuunguruma kwa kazi nzito, feni yake ikishindana na feni ya chumbani, na mara mbili sauti ilikatika ikabidi tusubiri.

VILELE VILIVYOJIFICHA

Liko jambo moja ambalo ni rahisi kulipita, nami naomba msomaji alivumilie. Kompyuta haishiki wimbi zima. Hupiga picha zake, mara 44,100 kwa kila sekunde katika muziki wa kawaida. Limita ya kizamani hutazama picha hizo tu. Lakini sauti inaporudishwa kuwa umeme na kuingia katika spika, wimbi hupita kati ya picha na picha, na huko linaweza kupanda juu kuliko picha zote mbili. Kilele cha namna hiyo hakionekani kwenye kioo. Husikika tu, kama mkwaruzo mdogo katika simu ya bei nafuu, hasa baada ya faili kugeuzwa kuwa MP3. Pro-L 2, Ozone na ile sehemu ya tano ya Limiter No6 hukadiria vilele hivyo na kuvizuia. Asiye na zana hizo na aweke kikomo chake desibeli 1 chini ya ukingo, au hata 1.5, naye atakuwa salama mara nyingi. Umoja wa watangazaji wa Ulaya, katika pendekezo lake R 128 la mwaka 2010, uliweka desibeli hiyo 1 kuwa mpaka.

Pendekezo hilohilo ndilo lililoanza kuvunja vita vya kelele. Lilisema kila kipindi kirushwe kwa wastani wa LUFS 23 chini ya ukingo. Spotify nayo huzisawazisha nyimbo hadi 14 chini, na Apple Music hadi 16. Maana yake ni hii: ukiukandamiza wimbo wako hadi 7 chini ya ukingo ili uwashinde wenzako, mtambo wao utaushusha mpaka ulingane nao, na utabaki bila nguvu na bila ngoma. Katika FM bado mambo ni tofauti. Kituo kina limita zake karibu na mnara, kizazi cha Optimod ambayo Orban wa Marekani aliitoa mwaka 1975. Hizo hazijali umeleta nini, zitakibana tena. Wimbo uliokwisha bondwa nyumbani ukabondwa tena kituoni hutoka kama ugali uliopikwa mara mbili.

Wasomaji wetu wa umri wa makamo, hasa waliowahi kutumika mpakani Mutukula au waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam nyakati za usiku, watakumbuka bendi za majeshi za nchi hiyo: Polisi Jazz, Wana Vangavanga, Mwenge Jazz, Wana Paselepa, na Kimulimuli ya JKT. Waliingia studio ya redio wakapiga wote kwa pamoja, na sauti ikaingia katika utepe wa sumaku. Utepe wenyewe ni limita ya upole. Ukiusukuma kupita kiasi haukati kwa kisu. Huvikunja vilele taratibu, na kuvipa ule unene ambao vijana wa leo huununua kwa jina la plagini nyingine. Nasikitika ninapokuta nyimbo hizo zimewekwa mtandaoni zikiwa zimepitishwa katika limita kali. Magitaa hayajapata kitu, ila mvumo wa utepe umepanda mpaka unaonekana kama mwimbaji wa sita. Anayezihamisha kanda za babake na afanye kazi ndogo kabisa: ahamishe kwa biti 24, ahifadhi nakala isiyoguswa, ndipo acheze na nakala nyingine apendavyo.

Nimeulizwa pia na ofisa mmoja wa polisi kuhusu zile spika za pembe, bizindaalo, zinazofungwa juu ya magari ya kutangazia amri na matangazo ya umma. Hapo ushauri wangu ni kinyume cha yote niliyosema juu ya buruji. Spika ya pembe haitoi sauti za chini wala za juu sana, na koili yake huungua upesi ikilishwa sauti iliyokatwa kwa kisu muda mrefu. Kwa maneno ya amri, limita ifanye kazi kwa bidii, hata desibeli 8 au 10, na sauti nzito za chini ziondolewe kabla ya kufika kwenye limita. Vinginevyo kila herufi “b” na “p” itaishusha sentensi nzima, na raia watasikia nusu ya amri. Uzuri si kitu hapo. Kinachotakiwa ni kila neno lifike, na spika irudi kituoni ikiwa nzima.

Saa kumi na moja jioni mwenyekiti alitoa uamuzi. Gwaride likapitishwa katika Pro-L 2 kwa desibeli 3, kwa kuwa siku za majaribio zilikuwa hazijaisha. Mlio wa makaburini haukupitishwa popote. Fundi alijaribu kumweleza kwamba utasikika mdogo katika simu, mzee akamjibu, “Mwanangu, mwenye kuutaka mkubwa na azungushe kirungu chake mwenyewe.” Walikubaliana kuuinua wote kwa pamoja mpaka noti yake kubwa ifike desibeli 1 chini ya ukingo, bila kukata chochote, na faili za asili zinakiliwe katika flashi tatu. Moja imo katika kopo la bati la mwandishi wa kikundi, pamoja na daftari la michango.

Kabla hatujatoka, konstebo aliuliza kama ile faili ya sajini haiwezi kutengenezwa. Fundi akaifungua. Zipo programu zinazokisia vilele vilivyokatwa na kuvijenga upya, naye akaijaribu moja; honi ikapungua ukali, na kwa muda mfupi palisikika kitu kinachofanana na shaba. Lakini limita hubadilisha kimo cha sauti kila kitambo, wala haiachi kumbukumbu ya ilichokifanya, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kujua pumzi ya yule mzee ilipanda wapi na ikashuka wapi. Lori lilikuwa palepale. Fundi akalififisha kadiri alivyoweza, akauliza kama ahifadhi.

Mwenyekiti akaomba ichezwe mara moja tena mpaka mwisho. Konstebo alisimama wima tangu noti ya kwanza, bila kuamriwa na mtu. Ilipokwisha, mzee akasema zihifadhiwe zote mbili, ile mbovu na ile iliyorekebishwa, kila moja na jina la sajini na mwaka wake. Kisha akaichukua kofia yake juu ya spika, nasi tukatoka kwenda kutafuta gari la mjini.